Alama ya Kidole Juu ya Kioo

Katika mkutano wa wastaafu wa ofisi yetu ya zamani, uliofanyika hapa Nyeri baada ya mvua za masika, mwenzetu mmoja alisimama akasimulia jinsi karani wa mipaka alivyoletewa kompyuta ya kuandikia kwa kalamu, akaikataa kwa sababu kalamu yenyewe haikuwa na wino. Ukumbi ulicheka. Karani huyo ni mimi. Nilicheka pamoja na wenzangu kwa adabu, nikamaliza soda yangu, nikaenda nyumbani na hasira ambayo haijaisha hadi leo. Msimulizi mwenyewe hakuwapo jambo hilo lilipotokea. Alikuwa amehamishiwa Kerugoya mwaka uliotangulia, na hadithi aliipata kwa watu ambao nao hawakuwapo. Mimi nilikuwapo. Niliandika ripoti, na nakala yake ya kaboni ninayo ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda. Kwa hiyo nitalieleza jambo hili tangu mwanzo, kwa utaratibu wake.

Katika miaka ya tisini nilikuwa karani wa mashauri ya mipaka katika ofisi ya ardhi ya wilaya. Majirani wakigombania upana wa njia au mstari wa ua, walileta malalamiko kwa Msajili, aliyekuwa mkuu wa ofisi yetu, naye alipanga siku ya kwenda kuliona shamba lenyewe. Siku hiyo tulipanda gari la ofisi mimi na mpima ardhi, yeye na minyororo yake ya kupimia, mimi na mkoba wangu wa ngozi. Ndani ya mkoba vitu vilikaa kwa mpangilio usiobadilika: daftari la jalada gumu, kalamu mbili za wino, rula, kipande cha turubai cha kufunika karatasi mvua ikianza, na pedi ya wino kwa ajili ya vidole. Wengi wa wazee wetu hawakusoma. Maneno yao niliyaandika, nikawasomea kwa Kigikuyu, na waliporidhika waliweka kidole gumba chini ya mstari wa mwisho. Nilipofika katika shamba lolote, kabla ya salamu kwisha, mikono yangu ilikuwa imekwisha kuweka daftari upande wa kushoto na kufungua pedi upande wa kulia. Nilifanya hivyo kwa miaka mingi hata nikawa sijui kwamba ninafanya.

Nilikuwa pia na kanuni moja ambayo haikuandikwa katika mwongozo wowote. Sikunywa chai ya upande wowote kabla vidole vya pande zote havijawekwa. Kwetu kumkatalia mtu chai ni jambo zito, na wapo walionuna. Lakini nilijua kwamba nikinywa kwa mmoja, mwingine ataihesabu kila sentensi nitakayoandika.

Sijui kama wanaofanya kazi hiyo leo wanaipenda kama nilivyoipenda. Asubuhi za Julai ukungu ulikaa juu ya michai mpaka saa nne, na sauti za wachumaji zilisikika kabla ya wenyewe kuonekana. Barabara ya Othaya ilipanda na kushuka, na matope yake mekundu yaliingia mpaka kwenye soksi. Nilizijua nyumba kwa rangi za milango, mbwa kwa hasira zao, na vijito kwa ubaridi wa maji yake. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili nistaafu, na nilitaka kitu kimoja tu serikalini: kuimaliza miaka hiyo milimani.

Ndipo ilipokuja barua kutoka makao makuu Nairobi. Wilaya yetu ilichaguliwa kujaribu kompyuta ya kubebwa kwa ajili ya kazi za shambani. Tungeletewa aina tatu, tuzijaribu, tujibu maswali kumi na mawili kwa maandishi, kisha tupendekeze moja. Msajili akaunda kamati ya watu watatu: yeye mwenyewe, mpima ardhi, na mimi nikiwa katibu.

Aina ya kwanza ilikunjwa kama kitabu, kioo upande mmoja na vibonye upande wa pili. Ya pili ilikuwa bapa tupu, mfano wa sleti ya shule, nayo ilikufa siku ya pili na hatukuiona tena. Ya tatu ndiyo ninayoizungumzia. Ilifunguka kama ile ya kwanza, ikiwa na vibonye vyake, lakini kioo chake kiligeuka juu ya bawaba na kulala uso juu, mashine nzima ikawa ubao wa kuandikia. Ubavuni mwake ilichomekwa kalamu ya plastiki. Kioo kiliisikia kalamu hiyo, na kiliusikia pia mguso wa kidole.

Msajili aliniita chumbani kwake akafunga mlango. Alikuwa mtu wa maneno machache.

"Karani, unajua kupiga chapa?"

"Kwa vidole viwili, Bwana Msajili."

"Nimekuona. Mstari mmoja na chai inapoa. Sasa sikiliza. Tukichukua ile ya vibonye, atakayekwenda shambani ni mpiga chapa wetu. Wewe utakaa kaunta. Tukichukua ile ya kalamu, utakwenda wewe. Nimekwambia mapema usije ukasema hukuambiwa."

Kwa hiyo nilijua. Naomba jambo hilo liandikwe wazi kuliko mengine yote: nilijua, na kati ya watu wa ofisi ile hakuna aliyeitaka mashine ya kalamu kama mimi.

Bwana wa kampuni iliyoiuza alikuja kutoka Nairobi akiwa na tai, na viatu ambavyo vilikuwa bado havijakutana na udongo wetu. Aliilaza juu ya meza ya Msajili, akanipa kalamu.

"Mzee, andika chochote."

"Chochote si jambo la kuandika," nikamwambia. "Nipe neno."

"Basi andika jina la huu mji wenu."

Nikaandika Nyeri. Neno lilijitokeza chini ya ncha ya kalamu, jeusi, likichelewa kidogo nyuma ya mkono wangu, nalo lilikuwa katika mwandiko wangu mwenyewe. Mkia wa y ulishuka na kupinda kushoto kama nilivyofundishwa katika shule ya misheni, nilipokuwa nachapwa kwa kila mkia ulionyooka. Nikaandika tena chini yake. Nikachora nyumba, njia, mto. Nilipokosea niligeuza kalamu nikafuta, na kosa halikuacha hata kovu.

"Karani amepata mke wa pili," akasema mpima ardhi.

"Mwache," akasema Msajili bila kucheka. "Huyu angalau hataomba kugawiwa shamba."

Haki ni kutaja na kasoro zake. Ilikuwa nzito kama tofali. Betri yake ilidumu saa mbili, na kwenye jua kali maandishi yalififia hata nikalazimika kuyafunika kwa kofia. Lakini ilikuwa imejaribiwa kwanza Nanyuki, ikatoka huko na sifa tele. Huko mashamba ni mapana na ardhi ni tambarare, na wenyewe, wengi wao matajiri, walitia sahihi zao juu ya kioo bila tatizo. Niliyaandika hayo yote katika kumbukumbu za kikao, na moyoni nilikuwa nimekwisha kuchagua.

Likabaki jaribio la shambani. Msajili alitupa shauri la kweli, kwenye mgongo wa mlima juu ya Othaya. Mlalamikaji alikuwa mama mzee, mjane, ambaye sote tulimwita Maitu, yaani mama, kama ilivyo heshima kwetu. Mlalamikiwa alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Waligombania ukanda wa hatua nne kati ya michai yake na ya shemeji. Matoka, yale maua yanayopandwa mpakani, yalikuwa yameng'olewa, na kila mmoja alisema mwenzake ndiye aliyeyang'oa.

Tuliwekewa meza uani. Maitu alileta birika.

"Bado, Maitu," nikamwambia.

"Naijua tabia yako," akajibu. "Itakaa kwa jiko."

Bwana wa kampuni aliigeuza mashine, akailaza mezani, nami nikaanza kuandika. Majirani walisogea mpaka nikahisi pumzi zao shingoni.

"Ati karani anaandikia dirisha?" Maitu akauliza.

"Chunga, shemeji," akasema yule mlalamikiwa. "Maneno yako ikiingia hapo ndani, haitoki tena."

"Yangu ni ya ukweli, inaweza kulala popote. Yako ndio itasumbua hiyo mashine."

Nakiri kwamba saa ile ilikuwa miongoni mwa saa nzuri za utumishi wangu. Niliandika maelezo ya Maitu kwenye ukurasa wa kwanza na ya shemeji kwenye ukurasa wa pili. Kwenye wa tatu nikachora ramani: michai, njia, kijito, mahali matoka yalipokuwa. Mpima ardhi alitaja hatua zake kwa sauti, nami nilizitia hapo hapo bila rula. Nilijiona nikipanda milima ile na mashine ile mpaka siku yangu ya mwisho kazini.

Nikarudi kwenye ukurasa wa kwanza, nikamsomea Maitu maneno yake. Akaitikia kwa kichwa.

"Sasa mama atie sahihi hapa chini," akasema bwana wa kampuni, akimnyoshea kalamu.

Hapo ndipo ninapotakiwa kusema jambo ambalo hadithi ya ukumbini haikulitaja kwa sababu hakuna aliyelijua. Upande wa kulia wa mashine, pedi ya wino ilikuwa wazi. Mkono wangu mwenyewe uliifungua tulipofika, kwa mazoea, hali hapakuwa na karatasi hata moja mezani. Maitu alikuwa ameweka kidole ujanani, miaka ile mashamba yalipopimwa mara ya kwanza, na mara kadhaa baada ya hapo. Alipoambiwa sahihi, hakuitazama kalamu. Aliona pedi. Akakandamiza kidole gumba katika wino, akakibingirisha kutoka ubavu hadi ubavu kama ajuaye kazi, kisha akakiweka barabara juu ya kioo, chini ya mstari wa mwisho. Sijawahi kuona alama safi kuliko ile.

"Mama! Mama, hapana!"

"Hapana nini? Nimeweka."

Mashine nayo iliuchukua mguso ule kuwa amri ya kugeuza ukurasa. Maitu alipoinua mkono, maelezo yake yalikuwa yamekwenda na ya shemeji yalikuwa yamekuja, na kidole chake kilikaa chini ya hayo ya shemeji, cheusi, kila mstari wa ngozi ukihesabika.

Shemeji alikuwa amesoma kidogo. Akainama, akatazama, kisha akainua mikono yote miwili.

"Oneni nyote! Shemeji amekubali maneno yangu! Karani, funga kesi, lete chai!"

Uani palilipuka kicheko. Hata mpima ardhi aligeuka pembeni akishika mbavu.

"Rudisha ile yangu," Maitu akasema.

Bwana wa kampuni akairudisha, na kidole kilikuwapo. Akaenda kwenye ramani, na kidole kilikuwapo, katikati ya kijito. Akiwa ametoka jasho, alichomoa leso nyeupe mfukoni, akaupumulia ule wino, akaufuta. Akakionyesha kioo kwa watu wote, kikiwa safi, kana kwamba ametufanyia hisani.

Kicheko kilikatika. Hakuna aliyekinyamazisha.

Maitu alikitazama kidole chake ambacho bado kilikuwa na wino, kisha akakitazama kioo.

"Kidole yangu iko wapi?"

"Maneno yako yako ndani, mama. Salama kabisa."

"Sijauliza maneno. Nimeuliza kidole."

"Basi weka alama ya msalaba, kwa hii kalamu. Inatosha."

"Msalaba ni ya mtu yeyote. Hata huyu," akamwonyesha shemeji, "anaweza kuchora usiku mimi nikilala. Kidole ni yangu peke yangu." Akanigeukia. "Karani, wewe nakujua. Umeona vile amenifuta?"

"Nimeona, Maitu."

Shemeji, ambaye alikuwa amecheka kuliko wote, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi pia siweki hapo."

Nikatoa daftari mkobani. Manyunyu yalikuwa yameanza, na mpima ardhi alinishikia turubai juu ya kichwa huku nikiandika upya yote, maelezo ya kwanza, ya pili, na ramani kwa rula. Kabla sijafika nusu, betri ya mashine ilikwisha. Maitu akaweka kidole kwenye karatasi. Shemeji akaweka chake. Ndipo birika lilipoletwa. Moto ulikuwa umezimika zamani, na chai ilikuwa baridi yenye utando wa maziwa juu. Niliimaliza yote.

Siku iliyofuata niliketi kuandika ripoti. Maswali kumi na moja yalijibika vizuri, na kwa mengi mashine ya kalamu ilishinda. Swali la saba liliuliza: je, kifaa kinaweza kupokea sahihi na alama za vidole za wahusika?

Mpima ardhi alikuja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Andika ndiyo."

"Kwa sahihi, ndiyo. Kwa vidole, hapana."

"Karani, nani Nairobi atauliza habari ya kidole ya cucu mmoja, mama mzee wa Othaya?"

"Swali limeuliza."

"Lakini wewe ndiye unataka hii mashine kuliko sisi! Nilikuona ukichora mto. Ulikuwa unatabasamu kama mtu wa harusi."

"Nilikuwa natabasamu, ndiyo."

"Basi?"

"Basi haipokei vidole."

Akatikisa kichwa. "Utakaa kaunta, mzee. Utakula vumbi ya faili mpaka siku ya kwenda nyumbani."

Niliandika mistari minne, pamoja na habari ya leso. Msajili aliisoma ripoti akiwa amesimama. Alipofika swali la saba akanitazama juu ya miwani.

"Una hakika unataka hili libaki hivi?"

"Ndivyo ilivyokuwa, Bwana Msajili."

Akatia sahihi. Baada ya muda jibu lilikuja kutoka Nairobi: kwa kuzingatia swali la saba, wilaya itapewa mashine ya vibonye. Mpiga chapa wetu, mama hodari ambaye sina kinyongo naye, alianza kupanda milima pamoja na mpima ardhi. Maelezo yalipigwa chapa shambani, yakatolewa kwenye karatasi hapa Nyeri, na wahusika walikuja wenyewe kuweka vidole kaunta. Pedi niliishika mimi.

Kuna jambo la kalamu. Siku ile ya Othaya, katika vurugu ya mvua, niliikunja turubai na ile kalamu ya plastiki ikiwa ndani yake, na sikuigundua mpaka Ijumaa jioni ofisi ikiwa imefungwa. Nilikaa nayo Jumamosi na Jumapili. Nilipokuwa naandika nayo juu ya meza ya chakula, mke wangu aliniuliza ninaandika nini mahali pasipoandikika. Nikamwambia naandika Nyeri. Jumatatu asubuhi niliipeleka posta, irudi kwa kampuni kwa rejista, nayo stakabadhi ninayo, imebanwa kwenye ripoti.

Nikiwa kaunta nilipata nafasi ya kufikiri, na ilinichukua karibu mwaka mzima kuona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu. Chini ya swali la saba palikuwa na nafasi ya maoni. Ningeweza kuandika sentensi moja: kwamba karani anaweza kuandika kwenye kioo, na wahusika wakaweka vidole kwenye karatasi moja yenye nambari ya shauri, itakayowekwa ndani ya faili. Karatasi moja! Mkoba wangu ulikuwa umejaa karatasi. Lakini niliulizwa kama kifaa kinapokea vidole, nikajibu nililoulizwa, nikapiga mstari chini yake kwa rula. Nilifundishwa hivyo, nami niliwafundisha wengine hivyo.

Siku moja Maitu alikuja. Mpaka wake ulikuwa umekwisha kupimwa na kupandwa matoka mapya, na alihitajika kuweka kidole kwenye hati ya makubaliano. Alikuwa amevaa koti zuri la kanisani, na kwapani alikuwa na chupa ya chai. Nilifungua pedi. Akakibingirisha kidole chake, akakiweka, akakipulizia.

"Sasa hii hakuna mtu atafuta?"

"Hakuna, Maitu."

Akafungua chupa, akamimina kwenye kifuniko.

"Siku ile ulikunywa baridi. Hapa si kwangu na si kwa shemeji. Hapa ni kwa serikali. Kunywa." Kisha akaniangalia vizuri. "Lakini siku hizi hatukuoni huko juu. Anakuja yule mama wa kugonga-gonga. Ni sababu ya kidole yangu?"

"Hapana, Maitu," nikasema. "Ni umri tu. Miguu imekataa."

Akaniamini, akanipa pole, akaniambia nipake miguu mafuta ya kondoo.

Katika utumishi wangu wote, hilo ndilo jibu pekee nililotoa kwenye kaunta ile ambalo halikuwa sahihi, na kwa kuwa Maitu ameshafariki, nalisahihisha hapa. Miguu yangu ilikuwa mizima. Kilichoniondoa milimani kilianza na kidole chake, na pedi niliyoifungua mimi mwenyewe bila kufikiri, kikamalizikia katika nafasi ya maoni niliyoiacha tupu. Wino wa kalamu haukuhusika mahali popote. Chai ilikuwa moto, na nilikunywa vifuniko viwili.